Dobi Aliyejua Mwisho

Dobi huyu, kabla hajaumbuka, alikuwa mtu wa kujisikia sana. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo siku hizi, tena bila kuulizwa.

Duka lake lilikuwa la mlango mmoja: meza ya pasi mbele, mashine mbili za kufulia nyuma, na bomba refu la chuma lililokatiza chini ya dari, likiwa limetundikwa makoti na magauni ya watu. Kazi ilimfundisha kusoma madoa. Ukimpelekea shati, hakukuuliza kitu. Alilinyanyua kwenye mwanga, akalinusa begani, kisha akakuambia umekunywa nini, umeegemea ukuta wa rangi gani, na kwamba kalamu yako inavuja. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, wateja walikuwa na haraka zao, hawakuwa na muda wa kumsahihisha, naye akaihesabu hiyo pia kuwa ameipatia.

Kipaji hicho angekiacha dukani, pasingekuwa na kisa. Lakini alikibeba mpaka nyumbani, akakiketisha mbele ya televisheni.

Miaka miwili hiyo mtaa mzima ulikuwa umeshikwa na tamthilia ya familia moja ya matajiri wenye kiwanda cha mabati. Mzee mwenye kiwanda alikutwa chini ya ngazi za nyumba yake, amekufa, na kila aliyebaki hai alikuwa na sababu ya kumsukuma: mke mdogo, mtoto wa kambo, wakili, nesi, hata binamu aliyekuja kutembea siku mbili akakaa mwaka. Sehemu mpya ilionyeshwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni, marudio yakawa Jumamosi saa tisa alasiri. Alhamisi jioni dobi hakuweza kutoka dukani, maana ndiyo saa watu wa maofisini walipopitia nguo zao za Ijumaa. Basi nyumbani waliwekeana ahadi. Mkewe, aliyekuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, na mama mkwe, aliyehamia kwao tangu goti lianze kumtesa, wangemsubiri hadi Jumamosi, waone wote kwa pamoja.

Walimsubiri kweli. Na yeye akawalipa kwa kuwaharibia kila kitu.

"Yule si nesi," alisema Jumamosi moja, mguu mmoja juu ya mwingine. "Angalieni viatu. Nesi gani anazunguka wodini usiku kucha na visigino virefu namna ile? Yule ni binti wa mzee, wa nje ya ndoa. Subirini."

Wakasubiri wiki tatu. Wiki ya nne nesi akavua kofia mbele ya picha ya marehemu, akasema, "Baba." Muziki ukapanda. Mama mkwe, aliyekuwa amejiandaa kushtuka, mikono tayari ipo mashavuni, aliishusha taratibu mapajani.

"Si nilisema?" dobi akauliza. "Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mwanangu," mama mkwe alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai ya jana.

Siku hiyo mkewe alimfuata jikoni.

"Umeniharibia."

"Nimekuharibiaje? Mimi ndiye niliyeitunga? Nimekisia tu. Kukisia si kosa."

"Mtu akiniletea zawadi, imefungwa vizuri, wewe ukaichukua ukaitikisa sikioni ukasema hiki ni kikombe, kweli hujaifungua. Lakini mimi nitafungua nini tena?"

"Utafungua kikombe."

Mkewe aligeukia sinki, akaanza kuosha vyombo.

"Sikiliza," dobi akasema, akilegeza sauti kama mwalimu. "Utamu si kujua nani kafanya. Utamu ni kuona wanatufikishaje hapo. Hadithi iliyotungwa vizuri haiwezi kuharibika kwa kukisiwa tu. Ikiharibika, basi ilikuwa mbovu tangu mwanzo."

"Na mume?" mkewe akauliza. "Mume naye tunampimaje?"

Dobi alicheka, akidhani ni utani.

Kichwa chake kilikuwa kimeshajazwa upepo na watu wa mbali. Kwenye simu alikuwa mwanachama wa kundi la wapenzi wa tamthilia hiyo, watu zaidi ya mia mbili, na humo walimwita Darubini. Kila Jumamosi baada ya marudio aliandika utabiri wake, aya tatu nne, na ushahidi wake: pete iliyohamia kidole kingine, saa ya ukutani iliyosimama, kola ya wakili iliyopigwa pasi na mtu asiyejua kazi. Nusu ya kundi walimsifu. Nusu nyingine walimwomba anyamaze, na wapo waliomwomba kwa lugha isiyoandikika hapa. Dobi alisoma ile nusu ya kwanza.

Kisha mambo yakabadilika nyumbani, yakawa matamu kupita kiasi.

Ghafla watu walianza kushtuka. Mtoto wa kambo alipogundulika kuwa ndiye aliyeiba hati ya kiwanda, jambo ambalo dobi alikuwa amelitangaza mwezi mzima nyuma, mkewe alishika kifua akaruka juu ya kochi. "Haiwezekani!" Mama mkwe akapiga kelele mpaka kikombe kikamponyoka. Tena walimchokoza aendelee. "Wewe unaonaje, baba?" mama mkwe aliuliza. "Tupe ya kwako. Tunakusikiliza." Dobi akawapa. Walitikisa vichwa kwa mshangao, wakasema mtu huyu ana akili, na mkewe akamkatia kipande kikubwa cha keki.

Jumamosi ya namna hiyo ikafuatwa na nyingine, miezi minne. Dobi alinenepa, kwa keki na kwa sifa. Alikwenda dukani akipiga mluzi. Hatimaye, alijiambia, wameielewa sanaa yangu.

Lakini mtu aliyezoea kutafuta madoa hawezi kuacha kuyaona. Kwanza ilikuwa siku ya ajali ya mke mdogo. Mama mkwe alianza kulia wakati gari likiwa bado limeegeshwa. Mwanamke hajashika hata ufunguo, mama anafuta machozi. Dobi alimtazama kwa pembe ya jicho, akaliweka hilo akilini. Halafu kwenye mfuko wa gauni la mkewe, la kijani, alilovaa Alhamisi, alikuta punje tatu za bisi. Kwenye sketi ya mama mkwe palikuwa na nyuzi nyekundu za mto wa kochi, na kochi lao halikuwa na mto mwekundu. Na Alhamisi ndiyo siku ambayo wawili hao walikwenda kwa mkunga mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwao, ili mama akandwe goti. Miezi minne ya kukandwa, na goti halikupata nafuu hata ya kidole.

Dobi alisimama kwenye meza yake ya pasi akaviunganisha vyote. Mtu mwingine angeona wazi. Yeye, kwa kuwa alikuwa Darubini, aliona mbali zaidi.

Duka lilikuwa linatimiza miaka ishirini mwisho wa mwezi ule.

Pasi ilimganda mkononi. Wanakutana kwa siri. Wanakula bisi. Wanapanga. Mama mkwe analia kwa sababu moyo umemjaa na hawezi kusema. Sherehe! Wananiandalia sherehe! Macho yalimlowa palepale dukani, na suruali ya mteja ikapata alama ya pasi ambayo haijatoka mpaka leo.

Sasa, mtu wa kawaida akijua anaandaliwa jambo la kumshtukiza, hujifanya hajui. Dobi hakuweza. Kujua kitu na kukaa kimya lilikuwa jambo ambalo mwili wake haukuumbiwa. Aliamua kuwashtukiza wanaotaka kumshtukiza. Aliandika hotuba, kurasa mbili mbele na nyuma. Alikwenda kunyoa. Suti yake ya harusi aliifua kwa mkono, akaitoa mshono wa pembeni uliokuwa unambana, akainyoosha mpaka ikasimama yenyewe. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili na nusu, alibandika karatasi mlangoni: NIMETOKA KWA SHUGHULI YA HESHIMA. Kisha akatembea hadi kwa mkunga akinukia sabuni.

Mapazia yalikuwa yamefungwa. Taa imezimwa. Ndani kimya, isipokuwa mnong'ono.

"Wamejificha," dobi alisema moyoni. "Masikini, wanajitahidi."

Alishika kitasa, akavuta pumzi, akausukuma mlango kwa nguvu zote. Akaruka hatua mbili mpaka katikati ya sebule, akanyoosha mikono kama mtu anayepokea kombe.

"Nimeshajua yote!" alipiga kelele. "Msijifiche! Nimeshajua kila kitu!"

Watu kumi na wawili walipiga yowe kwa pamoja, lakini halikuwa yowe la furaha. Mkunga alikuwa kwenye kiti cha mbele, bakuli la bisi mapajani. Mke wa dobi alikuwa kwenye kochi lenye mito myekundu. Mama mkwe alikuwa sakafuni, goti limenyooshwa vizuri kabisa. Na nyuma ya mgongo wa dobi, kwenye televisheni kubwa kuliko zote mtaani, mpelelezi alikuwa ndiyo kwanza amefungua mdomo: "Baada ya miaka miwili, ukweli ni kwamba mzee huyu..."

"Toka mbele!"

"Kaa chini!"

"Jamani, suti! Suti imeziba yote!"

Dobi aligeuka kulia, nao wakachungulia kulia. Akarudi kushoto, nao wakapinda kushoto. Mkunga alirusha mto, ukamkosa dobi, ukapiga televisheni. Mtu alitafuta rimoti akapandisha sauti, kumbe ameishusha. Walipofanikiwa kumwangusha dobi kwenye zulia, majina ya waigizaji yalikuwa tayari yanapanda juu ya picha ya lango la kiwanda. Tamthilia ya miaka miwili imekwisha, na sebule nzima haikujua imeishaje.

Mkunga alizima televisheni. Alikuwa mwanamke mfupi, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa ule, na mpaka leo anawatazama kana kwamba bado hawajavalishwa.

"Washa taa," alisema. Taa ikawashwa. "Sasa, bwana. Umejua nini?"

Dobi alikuwa bado sakafuni. Alimtazama mkewe.

"Mnaangalia Alhamisi?"

Mkewe aliinamisha kichwa. "Tunaangalia Alhamisi."

"Tangu lini?"

"Tangu nesi avue kofia."

Dobi alihesabu kwa vidole. "Kwa hiyo Jumamosi zote hizi... mnashtukia jambo mlilokwisha kuliona?"

"Ilikuwa kazi ngumu," mama mkwe alisema kwa upole. "Mimi siwezi kuigiza, mwanangu. Siku ya ajali nilianza kulia mapema, nikadhani umetukamata."

"Na kikombe kilichovunjika?"

"Kikombe kilinitoka kweli. Nilizidisha kelele, mkono ukateleza."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Nilikuambia," mkewe alisema. "Jikoni. Ukanijibu nitafungua kikombe."

Hapo mkunga akaingilia.

"Miaka thelathini na moja nimezalisha," alisema. "Namna tumbo lilivyokaa, wakati mwingine nilikuwa nahisi kabisa huyu ni wa kiume, au hawa ni wawili. Sikuwahi kumwambia mama kabla ya mtoto kutoka. Unajua kwa nini? Ile sura ya mama anapomwona kwa mara ya kwanza si ya kwangu. Mimi nimekwenda kusaidia tu."

Dobi aliona masikio yake yakipata moto. Huenda mambo yangeishia hapo kwa heshima, lakini alipojaribu kuinuka, karatasi mbili zikateleza kutoka mfuko wa koti.

"Hizo ni nini?" mkewe akauliza.

"Si kitu."

"Na mbona umevaa suti ya harusi?"

Hapakuwa na mlango wa pili. Dobi aliwaeleza yote: bisi, nyuzi nyekundu, goti, miaka ishirini, sherehe. Aliyeelewa kwanza alikuwa mama mkwe. Aliziba mdomo na ukingo wa mtandio, mabega yakaanza kutikisika. Kisha mkewe. Kisha kumi na wawili wote, na mkunga akacheka mpaka bakuli la bisi likapinduka.

"Isome," mkunga aliamuru, akijifuta macho. "Hotuba uliyoandika kwa mkono wako haiwezi kupotea bure. Simama, soma."

Akasoma. "Ndugu, majirani, na wateja wangu wapendwa. Najua hamkutarajia kwamba ningetarajia..." Hakufika mbali. Kila alipofikia mahali alipoandika *subiri makofi*, alilisoma kwa bahati mbaya, nao wakampigia. Kufika ukurasa wa pili yeye mwenyewe alikuwa anacheka hata haoni maandishi, machozi yanaingia kwenye kola aliyoinyoosha kwa nusu saa.

Wakakubaliana: kwa kuwa wote wamekosa, wote watasubiri marudio ya Jumamosi, na mtu yeyote asimwambie mwenzake lolote. Ndipo dobi alipoanza kuijua dunia kwa upande wa pili.

Ijumaa asubuhi hajamaliza kufungua, karani wa benki aliingia na sketi zake. "Dobi! Umeona mwisho? Nani angefikiri kwamba..."

"Nguo zitakuwa tayari Jumatatu!" dobi alibweka.

"Lakini wewe si ndiye Darubini? Nataka kukuambia tu kwamba yule..."

Dobi aliziba masikio, akarudi kinyumenyume mpaka akajikuta katikati ya makoti ya watu, amejifunika koti la mtu mnene. Karani aliacha sketi mezani, akaondoka akitikisa kichwa. Wa pili alikuwa fundi umeme, wa tatu mwalimu. Kwa kila mmoja dobi aliwasha mashine zote mbili kwa pamoja, tupu, ili kelele zimfunike. Simu alikuwa ameifungia kwenye droo ya vifungo. Ilitetemeka humo kutwa nzima kama mende aliyenaswa. Ilipofika saa kumi alikuwa amechoka kuliko siku ya kufua mapazia ya hoteli. Aliwaza: basi hivi ndivyo nilivyowafanyia watu mia mbili, kila wiki, na ushahidi juu?

Jumamosi saa tisa walijaa tena kwa mkunga. Dobi aliketishwa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye kigoda. Alikuwa na jibu lake tayari, asingeweza kukosa: ni wakili. Wakili ndiye mtoto wa mzee aliyepotea akiwa mchanga, na wakili ndiye aliyesukuma. Ushahidi alikuwa nao wa kujaza daftari. Aliuma ulimi, akashika kigoda kwa mikono miwili.

Mpelelezi alifungua mdomo. "Baada ya miaka miwili, ukweli ni kwamba mzee huyu hakusukumwa na mtu. Ngazi zilikuwa zimepigwa deki asubuhi ile. Aliteleza."

Aliteleza! Watu waliokuwa wameshtakiana, wameibiana, wamevunja ndoa na kuuza kiwanda kwa ajili ya mauaji, walikuwa wamesimama sebuleni wakitazamana, na hapakuwa na muuaji wa kumkamata. Kisha picha ikarudi nyuma, mpaka sehemu ya kwanza kabisa, mzee amelala chini ya ngazi, na kamera ikasogea taratibu kwenye suruali yake. Gotini palikuwa na doa jeupe, limekauka, lenye ukingo kama ramani.

Doa la sabuni. La maji ya deki. Lilikuwepo pale miaka miwili, mbele ya macho ya dobi.

Sauti iliyomtoka, wenzake wanasema, ilikuwa kati ya mbuzi na mluzi. Kigoda kilianguka. Alisimama mikono kichwani, mdomo wazi, akasema, "Aaah! Aaah! Mimi? Sabuni? Mimi!" Hakuna aliyemwambia akae. Mkewe alikuwa amegeuka, ameacha kuangalia televisheni, anamwangalia yeye, na uso wake ulikuwa na raha ambayo dobi hakuwa ameiona kwenye zile Jumamosi zote za keki.

"Nimeteleza na mimi," dobi alimwambia walipokuwa wanarudi nyumbani, mama mkwe katikati yao akijikongoja.

"Lakini ilikuwa nzuri?"

"Nzuri mno. Natamani niione tena bila kujua."

"Hiyo haipo," mama mkwe alisema. "Ni mara moja tu, baba."

Jioni ile alifungua droo, akaitoa simu. Ujumbe ulikuwa mia nne na kitu. Wengi walikuwa wanamtafuta: Darubini yuko wapi, Darubini na wakili wake, Darubini kapofuka. Aliandika mstari mmoja: *Mimi ni dobi, na sikuliona doa.* Wakamcheka siku tatu, na waliokuwa wakimtukana zamani ndio waliomtumia salamu za kirafiki zaidi.

Sasa imeanza tamthilia nyingine, ya madaktari wawili na figo moja. Alhamisi dobi anafunga duka saa kumi na moja na nusu. Watu wa maofisini walilalamika, kisha wakazoea kuchukua nguo Jumatano. Mkunga amemruhusu kuingia kwa sharti moja, kwamba asikisie kwa sauti, na dobi ameshika sharti hilo vizuri kuliko alivyotarajiwa, ingawa si kwamba amepona. Sehemu ya pili tu, alipomwona daktari mdogo akificha mkono wa kushoto, wazo lilimjia likamfika kwenye ncha ya ulimi. Alivumilia dakika tano. Jasho likamtoka. Mkewe akamgusa bega, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Dobi alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba ya mkunga penye tenki la maji, akatazama huku na huku. Kisha akaliinamia tenki na kulisimulia kila kitu: mkono, figo, pacha aliyefichwa, na kola ya daktari. Alipomaliza alijifuta uso, akarudi ndani akiwa mwepesi, akakaa kwenye kigoda chake, akauliza kwa kunong'ona kama amepitwa na kitu.